Kuosha Baridi

Koti la Baba lilipotea wiki ile ile tuliyomzika, na mimi nilishuku watu wote isipokuwa mmoja. Nilimshuku binamu yangu aliyekuja matangani na begi tupu. Nilimshuku jirani aliyelia kutushinda sisi wenye msiba. Kaka yangu alikuwa ameamua nguo za marehemu zigawanywe mapema, zisikae ndani kumtia Mama simanzi, zikatandazwa kitandani: suruali, mashati, sweta, viatu vya kanisani. Koti hakuna. Lile koti la kijivu la sufu, lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti, ambalo Baba alilivaa tangu nikiwa mtoto. "Labda alimpa mtu," Mama akasema bila kuinua macho kwenye viazi alivyokuwa akimenya. Baba ampe mtu koti lile? Ng'o! Angetoa mguu kwanza.

Mume wangu husema ningefaa kazi ya kukagua mizigo mpakani. Sikatai. Nanusa maziwa kabla ya kuyachemsha, na nikipewa zawadi nautazama kwanza mkono unaonipa. Watu hudhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi, nilifundishwa, na darasa langu lilikuwa bustani ya wenyewe huko Riyadh, msimu mmoja wa baridi ambao kila aliyelala katika nyumba ile alimshuku mwenzake, na mimi, mtoto wa miaka minane au tisa, nikawashuku wote kwa jumla.

Tuliishi katika chumba kilichokuwa nyuma ya gereji, katika nyumba kubwa ya zamani upande wa Murabba. Baba alikuwa dereva wa bosi, Mama akifanya kazi za ndani, wote chini ya kafili mmoja, yaani mdhamini, ambaye ni bosi mwenyewe. Kaka yangu aliachwa nyumbani kwa Bibi; mimi niliingizwa kwenye ikama ya Baba, kile kibali chake cha ukaazi, kwa njia ambayo mpaka leo siielewi. Mama alisema tu kwamba bosi ana moyo, na kwamba moyo wa bosi si kitu cha kujaribiwa. Maneno hayo niliyanywa pamoja na chai kila asubuhi. Usikimbie uani, usicheke kwa sauti, usiguse gari, moyo wa bosi usijaribiwe. Nilijua vizuri kwamba kosa moja lingetosha Mama apandishwe ndege, na Mama akishapandishwa ndege, mimi na Baba hatuna letu.

Huku kwetu watu wakisikia Uarabuni wanafikiria jua peke yake. Ukiwaambia Riyadh kuna baridi wanakucheka. Basi wacha nikwambie, kuna baridi pale inayopasua midomo na kukausha mikono mpaka inakwaruza blanketi. Upepo unatoka jangwani bila kitu cha kuuzuia. Lakini ajabu ni kwamba baridi hiyo ndiyo inayoamsha bustani. Wakati wa joto udongo ule ni jivu tupu. Baridi ikiingia unapanda nanaa, dania, figili, na yale majani makali ya saladi wanayoyaita jarjir, na vyote vinakubali. Mtunza bustani alikuwa amekwenda kwao likizo, na Madam, mke wa bosi, akamgeukia Mama. "Wewe Kenya. Kenya shamba. Yalla." Ikawa halas, kazi ya bustani imeongezwa juu ya kupiga deki, kupika na kupiga pasi, na hakuna aliyeuliza kama Mama ana mikono mingapi.

Kusema kweli Mama alifurahi, ila hakuonyesha. Yeye ni mtu wa Kinangop, na watu wa Kinangop wanaijua sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayokaa juu ya majani kama unga. Jioni unaacha viazi vya kijani vinapendeza, asubuhi unakuta shamba jeusi kama lililochomwa. Bibi yangu alimfundisha kwamba sakitu haiui usiku, inaua pale jua linapoigusa. Kwa hiyo unaliwahi jua. Unachota maji, unayamwaga jani kwa jani taratibu, mpaka ile barafu inaondoka, ndipo jua likija halina cha kushika. Mama aliita kazi hiyo kuosha baridi. Kila siku adhana ya alfajiri ikiisha, alitoka na ndoo na kikombe cha bati, akawa anaosha huku akiimba wimbo wa kanisani chini kwa chini ili asiamshe mtu.

"Mama, baridi inaoshwaje na maji baridi?" nilimwuliza.

"Inaoshwa vile unavyoona inaoshwa. Leta ndoo."

Jibu hilo halikuniridhisha hata kidogo. Nikawa namtazama kwa pembe ya jicho.

Katika bustani ile kulikuwa na mmea mmoja uliotisha watu wazima. Ulikuwa fuli, asumini ya kwao, kichaka kilichofika kifuani mwa mtu, kimepandwa kando ya ukuta chini ya dirisha la Mama Kabiri. Mama Kabiri ndivyo wafanyakazi wote walivyomwita mama mzazi wa bosi, yaani mama mkubwa wa nyumba. Alikuwa mtu wa Jeddah, mtaa wa Aziziya, na mumewe alipofariki bosi alimwambia aje Riyadh akae na wajukuu. Baba ndiye aliyetumwa kumleta. Alitusimulia safari hiyo mara nyingi. Bosi alipiga simu akasema nguo zote za mzee zitolewe sadaka, hakuna kubeba, na Mama Kabiri akajibu kwamba zimeshatolewa. Kisha akakataa fuli isiwekwe kwenye buti. Ikakaa kwenye kiti cha nyuma, ndani ya chungu chake, imefungwa mkanda wa gari, na kila Baba alipokanyaga breki bibi yule alishika chungu badala ya kujishika mwenyewe. Safari hiyo hiyo ndiyo iliyompa Baba koti lake. Alikuwa akisubiri mizigo ifungwe, akaenda kuzunguka maduka ya Sharafiya, akaliona limening'inia dukani peke yake.

"Nani ananunua koti Jeddah?" Mama alimcheka. "Mahali watu wanatokwa jasho wakiwa wameketi?"

"Si ndiyo maana lilikuwa bei ya bure," Baba akasema, akajifunga vifungo vyote.

Madam alikuwa amemwonya Mama siku ya kwanza: hiyo fuli ikifa, hatutakaa kwa amani katika nyumba hii. Basi Mama alianza kuosha pale kabla ya kwingine kote. Na ni pale alipoviona vitambaa. Vilikuwa vipande virefu vya shuka jeupe vilivyochanwa, vimefungwa kwenye matawi mafundo magumu, na vilinuka kafuri. Mama akavifungua, maana fundo linanyonga tawi. Kesho yake vingine. Akavifungua tena. Siku iliyofuata vikarudi, na fundo moja lilikuwa limefungwa juu ya fundo jingine, kama aliyefunga amekasirika.

Aliyetutia hofu alikuwa Mwanaisha, mwanamke wa Likoni aliyefanya kazi nyumba ya jirani. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kutembeleana, kwa hiyo mazungumzo yote ya mtaa ule yalifanyika kwenye pipa la taka. Ukitaka kumjua mwanamke mwenye habari, mtazame anavyokwenda pipani na kifuko kidogo kisicho na kitu. Mama alimwonyesha kitambaa kimoja. Mwanaisha akarudi nyuma hatua.

"Weye Mama Njeri! Fundo hilo! Weye walishika kwa mkono mtupu?"

"Kwani ni nini?"

"Hiyo ni sihiri, ndugu yangu. Mtu hufunga fundo akalipulizia, akataja jina la amtakaye. Kuna mtu nyumba hiyo anakufungia."

"Anifungie nini mimi? Nina nini?"

"Una mume na una mtoto pamoja nawe. Sisi wengine tunavyo? Kikulacho ki nguoni mwako." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Na sikiliza. Wakiviona kwako watasema ni wewe. Mchawi hapa huwa ni mgeni kila siku. Anachukuliwa na polisi, na harudi kuaga. Usivitupe ovyo, usivichome. Viweke, nitatafuta mtu wa kuvisomea."

Mama ni mpresbiteri kwelikweli, mtu wa kusema uchawi haumpati aliye na Bwana. Lakini jioni ile nilimwona akivitia vile vitambaa kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, akalifunika, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Hakutaka kuligusa tena kwa mkono. Nilipolala nilijibana ukutani, mbali na upande wenye kopo.

Kuanzia hapo nyumba ikabadilika, au macho yangu ndiyo yaliyobadilika. Mama Kabiri, ambaye zamani alinipa tende na kunifinya shavu, aliacha kunywa chai ya Mama. Akaagiza maji ya chupa, na chupa ifunguliwe mbele yake, asikie mwenyewe kifuniko kikilia. Alfajiri pazia la dirisha lake lilisogea kidogo, likatulia, likasogea tena. Siku moja alinikamata mkono karibu na nanaa. Kiarabu nilikuwa nacho cha kutosha, nilikiokota kwa wajukuu zake.

"Mama yako anafanya nini pale alfajiri?"

"Anaosha baridi," nikasema.

Uso wake ulibadilika. "Baridi huoshwa?"

"Eh. Kwa maji."

"Maji baridi?"

"Maji baridi."

"Na anasema nini akimwaga?"

"Anaimba."

Akauachia mkono wangu kama umemchoma. Nilijua nimesema jambo baya, ila sikujua lipi, kwa sababu kila neno lilikuwa la kweli. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Kama kweli yenyewe ilisikika hivyo, basi huenda mwenye makosa ni Mama. Kwa nini aimbe chini kwa chini? Kwa nini atoke gizani? Na kopo lile je? Nilimpenda mama yangu kupita kiasi, na siku zile zote nilimwogopa. Chakula alichonipakulia nilikila nikimtazama kwanza yeye aonje.

Kisha nikamwona yule mtu. Siku hiyo Mama aliniamsha mapema kuliko kawaida nikajaze ndoo, adhana ilikuwa bado. Nilifika kwenye kona nikamkuta amesimama ukutani: mwanaume wa kanzu nyeupe, joho jeusi mabegani, kichwa kimefungwa kitambaa, kimya. Hakuwa na uso. Nilitupa ndoo nikakimbia, na sauti ilinitoka nikiwa tayari mlangoni.

"Kuna mwanaume bustanini!"

Baba akavaa koti lake juu ya nguo za kulalia, akachukua tochi na spana, akatoka. Alirudi baada ya muda mrefu. Hakuna mtu, hakuna alama ya kiatu, geti limefungwa. Alikaa kitandani akamtazama Mama.

"Wewe unatoka huko kila alfajiri."

"Ndiyo natoka."

"Na hujawahi kuona mtu."

"Ningeona mtu nisingesema?"

"Nauliza tu," Baba akasema.

Aliuliza tu, lakini alinunua kufuli jipya, na siku kadhaa alimsindikiza Mama mpaka bustanini, akasimama na koti lake akipiga miayo na kutazama juu ya ukuta. Mama alinuna. Waliongea nami, hawakuongea wao kwa wao. Mimi niliamini nimemwona jini, na kwamba jini huyo ana kazi aliyotumwa, na aliyemtuma yumo ndani.

Mwisho wa juma mmoja bosi alikwenda jangwani, kwenye mahema, kama wenyeji wengi wanavyopenda baridi ikikolea. Baba ndiye aliyeendesha, kwa hiyo tulibaki mimi na Mama. Jioni mlango wetu ulifunguliwa bila hodi. Madam alikuwa mbele, Mama Kabiri nyuma yake ameegemea fimbo. Madam aliinua godoro, akamwaga sanduku letu sakafuni, akatikisa Biblia ya Mama kwa kushika jalada lake, kisha akapiga magoti akatazama chini ya kitanda. Kopo likatoka.

Alipolifungua, Mama Kabiri alipiga ukelele. "Vitambaa vyangu! Shuka langu! Ametwaa vitu vyangu anifanyie sihiri!"

"Madam, walahi, mimi kukuta hii kwa mti," Mama alisema kwa kile Kiarabu chake cha jikoni. "Mimi mafi jua nani kufunga."

"Uliviweka kwa nini?"

Mama angejibu nini? Kwamba Mwanaisha alimwambia? Angemponza na Mwanaisha. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa jibu. Madam akachukua simu ya Mama akaitia mfukoni. "Kesho asubuhi Baba anarudi," akasema, akimaanisha bosi. "Atakupeleka polisi. Halas." Mlango ukafungwa, lakini kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kukimbilia katika nchi ile, hakuhangaika hata kuufunga kwa ufunguo.

Nilimshika Mama kiunoni nikalia. Nilitaka kumwuliza kama ni kweli, na niliogopa asije akasema ndiyo. Yeye aliokota nguo zetu, akazikunja moja moja, akazirudisha sandukuni: zangu upande mmoja, zake upande mwingine. Nilielewa maana ya pande mbili zile. Sikuhitaji kuelezwa.

Baridi ya siku hiyo ilikuwa na meno. Sidhani kama Mama alipata usingizi. Niliposikia akinyanyua ndoo, giza lilikuwa bado halijaanza kulegea, na adhana ilikuwa bado.

"Unaenda wapi? Wamekukataza!"

"Hawajanikataza. Wameniambia tu nitachukuliwa." Akajifunga leso. "Ile fuli haijamkosea mtu. Ikikauka leo watasema ni mimi niliyeikausha, na itakuwa kweli, kwa sababu nilijua na nikalala."

Nikamfuata. Nilikuwa nimeamua kwamba popote atakapopelekwa watanibeba na mimi. Tukazunguka kona, na pale ukutani akawa amesimama yule mtu wangu wa kanzu na joho. Lakini safari hii hakuwa peke yake. Mama Kabiri alikuwa mbele yake, amevaa gauni la kulalia na soksi, akihangaika kumfungua kifuani. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, fundo lilikuwa limemshinda, naye alikuwa akilia kwa hasira, kilio kisicho na sauti. Akafaulu kulivuta joho. Chini yake palikuwa na matawi.

Hakukuwa na mtu. Ilikuwa fuli, imevaa kanzu ya marehemu, imefungwa kilemba chake.

Walitazamana, yule na nguo mkononi, huyu na ndoo. Hakuna aliyekuwa na pa kujificha. Mama Kabiri ndiye aliyesema kwanza, na mimi nikatafsiri.

"Mwambie huu ni mti wa Jeddah. Haujawahi kuona baridi. Mzee wangu aliupanda mwenyewe. Sikuwa na nguo nyingine nzito." Kisha akaongeza haraka, "Na mwambie asimwambie mwanangu. Nilimdanganya kwamba nimezitoa."

Mama alilishika joho, akalipindua. Mgongoni lilikuwa limeota unga mweupe, mgumu kidogo, na chini ya kidole chake ukayeyuka ukawa maji. Akamwonyesha. Kisha akatafuta jani lililokuwa limechomoza nje ya nguo, jeupe vilevile, akalimwagia kikombe kimoja polepole mpaka likarudi kijani.

"Mwambie hii ndiyo ninayoosha," akasema. "Mwambie namwomba Mungu wimboni, simwombi mwingine."

Mama Kabiri alilipapasa jani. Akaliangalia, akamwangalia Mama, akaliangalia tena. "Nilidhani unaiua," akasema. "Kila siku unaimwagia maji baridi, unafungua kamba zangu za kushikia nguo. Nilidhani unaiua na mimi pamoja nayo."

Mama aliinama akafungua yale mafundo yote yaliyomshinda mwenzake, kwa kuwa vidole vyake yeye vilikuwa vizima, akamkunjia nguo, akampa.

Nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, maana Mama Kabiri alizikumbatia zile nguo akapanda juu, na jua lilipotoka Madam alikuja kutuita vilevile. Bosi alikuwa amerudi, ameketi sebuleni na mchanga bado kwenye viatu, na Baba amesimama mlangoni amelishika koti lake mbele yake kama mtu aliyeitwa mahakamani. Kopo lilikuwa mezani. Madam akaeleza. Bosi akamsikiliza, akamtazama Mama, na nikauona ule moyo wake tuliokatazwa kuujaribu ukifungwa. Mama alitazama mguu wa meza. Alikuwa ameombwa asiseme, na sikujua kama ananyamaza kwa heshima au kwa kujua kwamba neno la mwenye nyumba halishindwi na la mfanyakazi. Mimi nilijua ukweli wote na ulimi ulikuwa umeganda. Nilitazama ngazi. Nikaanza kumchukia bibi yule kwa nguvu zangu zote.

Alikuja. Fimbo ilitangulia kusikika. Alishuka amebeba furushi, akalitua juu ya mapaja ya mwanawe.

"Vitambaa ni vyangu na mafundo ni yangu," akasema. "Mwanamke huyu hana kosa. Mimi ndiye mwenye kosa, nilikudanganya."

Bosi alifungua furushi. Aliishika kanzu, akalishika joho, na mtu mzima yule, mwenye ndevu na magari matatu, akaliinua mpaka usoni akavuta pumzi. Alikaa hivyo mpaka Madam akageuka kutazama dirisha.

"Bado lina harufu yake," bosi akasema.

"Ndiyo maana," mama yake akajibu.

Akamrudishia. Akatazama chini, akatupungia mkono. "Yalla. Rudini kazini." Basi, ndiyo ilikuwa hukumu. Hakuna aliyetuomba radhi. Simu ya Mama ilirudishwa jioni, kopo halikurudishwa. Tulipofika chumbani Baba alimvalisha Mama lile koti akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni, na Mama, aliyekuwa hajatoa chozi tangu jana, akailoweka kola yote.

Mpaka baridi ilipoisha wakawa wanaitunza fuli pamoja. Jioni Mama aliivika na kufunga mafundo yanayofunguka, alfajiri wakaivua na kuiosha. Walibishana bila lugha: huyu akisema kilichoiokoa ni nguo, yule maji. Ungefikiri wamekuwa marafiki. Lakini Mama Kabiri aliendelea kunywa maji ya chupa, kifuniko kilie mbele yake. Na joto lilipoingia fuli ikachanua mpaka ukuta ukanukia, akatunga vikuba vya maua kwenye uzi, kimoja akamvika Mama shingoni kwa mikono yake. Mama alishukuru kwa heshima zote, akaenda nyuma ya gereji, akakikagua ua kwa ua kama kuna fundo. Nilimwona. Nikakagua na mimi. Nikachukua somo hilo nikaondoka nalo, na sijawahi kulirudisha.

Sasa turudi kwenye koti. Mwezi wa saba uliopita nilikwenda kulala kwa Mama, Kinangop, miezi michache baada ya msiba. Baridi ilikuwa kali. Niliamka kabla ya kucha, nikasogeza pazia kama nilivyozoea kuchungulia kabla ya kufungua mlango wowote, nikamwona Baba amesimama shambani.

Alikuwa pale pale mwisho wa viazi, kwenye mti mchanga wa matunda damu alioupanda mwaka wake wa mwisho na ambao hakuwahi kula tunda lake. Mabega yake, kola yake, kile kifungo cha rangi tofauti. Sikukimbia. Nilivaa viatu nikatoka, nyasi zikivunjika chini ya miguu yangu, na nilipofika nikaingiza uso wangu kwenye sufu. Chini ya ubaridi wote ule alikuwa bado yumo.

Mama alitokea nyuma yangu na ndoo na kikombe. Alisimama. Alinitazama kwa jicho ambalo nalifahamu, kwa kuwa ndilo langu.

"Usimwambie kaka yako," akasema.

"Nimwambie nini? Sijaona kitu."

Akanichunguza kidogo zaidi, kuhakikisha. Kisha akatua ndoo, akaanza kufungua vifungo kutoka juu.

"Basi shika mkono huo," akasema. "Vuta polepole, usimvunje."